Tiketi yasema Jumamosi 00:40: Je, utatoka Thika siku gani?

Swali la haraka, na usikimbilie simu. Tiketi yako inasema ndege inaondoka JKIA Jumamosi, saa 00:40. Uko Thika, begi limefungwa kwa kamba juu ya zipu, mashangazi wametoka Gatanga kuja kukuaga. Utatoka nyumbani siku gani?

Kama umejibu "Jumamosi usiku", pole sana. Ndege yako iliruka usiku uliotangulia, na kiti chako kilienda kitupu.

Usidhani nakutania. Nimeona jambo hili kwa macho yangu. Tulikuwa na jirani kule Ruiru, kijana wa miaka 24 wakati huo, aliyepata kazi ya ulinzi Doha. Mamake alikopa kwa chama ili alipie maandalizi, sisi wengine tukachanga kilichobaki. Jumamosi hiyo jioni tukajaa kwenye matatu ya kukodi, watu kumi na wanne kumsindikiza mtu mmoja. Si unajua vile huwa: kuna aliyekuja kuomba, kuna aliyekuja kupiga picha, na kuna aliyekuja kwa sababu hajawahi kuona uwanja wa ndege. Tulifika saa tatu usiku tukijipongeza kwamba tumewahi. Dada wa kaunta akaangalia karatasi, akaangalia skrini, kisha akamwangalia kijana usoni.

"Ndugu yangu, hii ilikuwa ya jana usiku."

Hakuna aliyesema kitu. Mzee mmoja ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini, kama hawawezi kuipigia simu irudi. Hakuna aliyecheka. Kijana alisafiri wiki tatu baadaye, kwa tiketi nyingine na deni jingine.

Kwangu mimi, ule haukuwa ujinga. Mtu akilala Ijumaa na kuamka Jumamosi, kichwani mwake usiku ule wote ni wa Ijumaa. Lakini saa ya ndege huvuka siku ikigonga sita usiku. Ajabu ni kwamba Kiswahili kina dawa ya tatizo hili tangu zamani. Kwa hesabu ya kale ya watu wa pwani, siku huanza jua linapotua, kwa hivyo usiku hutangulia mchana wake. Magazeti nayo huandika "usiku wa kuamkia Jumamosi". Ukiona tiketi yenye saa inayoanza na 00 au 01, isome kwa sauti hivyo: usiku wa kuamkia Jumamosi. Utajikuta umetoka Thika Ijumaa jioni, mahali pako panakungoja.

Na usome saa vizuri pia. Tiketi hutumia saa ya kizungu yenye tarakimu 24, nasi tunahesabu kuanzia alfajiri. 23:25 ni saa tano na dakika 25 usiku. 06:25 ni saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Kama hujazoea, andika kwa kalamu pembeni mwa karatasi. Hakuna anayekuangalia.

Sasa tuje kwa umbali wenyewe, maana hapo ndipo wasee wengi hupotea.

Chukua safari ambayo vijana wa huku huiota zaidi: Nairobi hadi New York. Ukivuta mstari mfupi kabisa kutoka JKIA hadi uwanja wa John F. Kennedy, unapata takriban kilomita 11,840. Ukiisikia tu, ni namba kama namba nyingine. Basi ipime kwa kipimo unachokijua. Kutoka Thika hadi katikati ya Nairobi ni kama kilomita 45. Ukifanya kazi tauni na unalala Thika, unakula kilomita 90 kila siku ya kazi. Piga hesabu: kwa siku 131 hivi, yaani takriban miezi sita ya kazi, umeshafika New York na hata hujaonjeshwa chakula cha ndege. Na kama kila safari ya matatu inakuchukua saa moja na nusu kwa sababu ya jam ya Githurai na Roysambu, umetumia karibu saa 395 kumaliza umbali ambao ndege huumaliza kwa saa 15.

Dunia ikizungushwa kamba pale ikweta ina kilomita 40,000 na kitu. Kwa hivyo mahali pa mbali zaidi unapoweza kwenda kutoka Thika ni kama kilomita 20,000, upande wa pili kabisa wa dunia. New York imevuka nusu ya umbali huo. Si karibu, lakini pia si mwisho wa dunia. Watu wa Singapore huenda New York bila kutua popote, zaidi ya kilomita 15,300, na hukaa angani zaidi ya saa 18. Hao ndio wa kuonewa huruma.

Mbona ndege ya kasi ya kilomita 900 hivi kwa saa ichukue saa 15, wakati 11,840 ukigawa kwa 900 unapata saa 13 na dakika chache? Hapa kuna mambo ambayo programu za simu hazikuelezi. Kwanza, ndege haianzi na kasi hiyo. Huenda polepole uwanjani, hupanda, na mwishoni huteremka pole pole na pengine kuzungushwa ikisubiri zamu ya kutua. Pili, njia halisi si mstari ule mfupi. Kuna anga zisizopitika na kuna njia zilizopangwa na waongozaji. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa, na ndege za Nairobi kwenda Ulaya zilizokuwa zikipita juu yake zikalazimika kuzunguka. Vita viko chini, lakini bili ya mafuta na dakika zako huviona.

Tatu ni upepo. Huko juu, hasa kaskazini mwa dunia, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda Amerika unapambana nao uso kwa uso, na ukirudi unakusukuma mgongoni. Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja kwenda New York tarehe 28 Oktoba 2018, ratiba iliyotangazwa ilikuwa kuondoka Nairobi 23:25 na kufika 06:25 asubuhi, kisha kuondoka New York 12:25 mchana na kufika Nairobi 10:55 siku inayofuata. Kaa na namba hizo kidogo. Mtu asiyejua ataona 23:25 hadi 06:25 na kusema, "Kumbe ni saa saba tu! Hata basi la Mombasa ni refu kuliko hiyo." La hasha. Tiketi huandika saa ya pale ulipo: kuondoka ni kwa saa ya Nairobi, kufika ni kwa saa ya New York. New York iko nyuma yetu kwa saa nane wakati wa baridi, na saa saba wakati wa joto, maana wao husogeza saa mbele na nyuma kila mwaka, nasi hatuna mchezo huo. Saba ujumlishe nane, ndiyo zile 15. Ukirudi, toa badala ya kujumlisha, unapata kama saa 14 na nusu. Hiyo tofauti ndogo ndiyo zawadi ya upepo.

Kama una mpira wa kandanda na uzi, jaribu kitu. Weka alama mahali ilipo Nairobi na nyingine New York, kisha nyosha uzi. Uzi hautapita katikati ya Atlantiki kama ramani ya ukutani shuleni inavyokufanya udhani. Utakwea kaskazini magharibi: Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria, Morocco, ndipo uingie baharini. Ramani ya ukutani imeubandua mpira na kuulaza, kwa hivyo njia fupi huonekana imepinda. Saa nyingi za kwanza, ukichungulia dirishani, chini yako kutakuwa na Afrika tu, na sehemu kubwa ni jangwa lenye giza. Bara letu ni kubwa, buda.

Kuna jambo jingine linalohusu nyumbani kabisa. JKIA iko karibu mita 1,620 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na hewa nyepesi huzipa mbawa na injini nguvu kidogo. Ndege iliyobeba mafuta ya saa 15 ni nzito sana, kwa hivyo huhitaji kukimbia sana kabla ya kuinuka, na ndiyo maana si mbaya kwamba barabara ya JKIA ina zaidi ya kilomita nne. Usiku pia husaidia, kwa sababu hewa iliyopoa ni nzito kidogo. Majirani zetu wa Addis Ababa wana shida kubwa zaidi, uwanja wao uko zaidi ya mita 2,300 juu, na ndege zao za kwenda Amerika zimekuwa zikitua njiani kuongeza mafuta. New York iko ufuoni mwa bahari, kwa hivyo kurudi hakuna kilima.

Ungeishi miaka ya 1950 ungeyasikia haya kama hadithi za Abunuwasi. Septemba 1959, wanafunzi 81 kutoka Afrika Mashariki waliruka kutoka Nairobi kwenda New York kwa ndege ya kukodi, katika mpango ulioendeshwa na Tom Mboya na marafiki zake Wamarekani. Ilikuwa ndege ya mapangaboi, na safari za enzi hizo zilikuwa za kutua hapa na pale kunywa mafuta. Uwanja walikotua haukuwa na jina la Kennedy bado. Uliitwa Idlewild, na ulibadilishwa jina mwishoni mwa 1963 baada ya rais huyo kuuawa. Mwaka uliofuata, 1960, katika kundi jingine alikuwemo msichana wa Nyeri aliyeelekea chuo kimoja cha Kansas. Huyo ni Wangari Maathai. Wengi wao hawakurudi nyumbani hadi walipomaliza masomo. Barua ilichukua wiki. Kilomita zilikuwa zile zile 11,840.

Baada ya hapo, kwa miongo mingi, Mkenya wa kwenda Amerika alilazimika kupitia kwa watu: London, Amsterdam, baadaye Dubai na Doha. Kenya ilipata idhini ya usalama wa anga kutoka kwa Wamarekani Februari 2017, na hapo ndipo mlango wa safari ya moja kwa moja ukafunguka.

Sasa, tiketi. Najua mfuko wako, kwa hivyo sikuambii eti nunua ya moja kwa moja kisha tumalizane. Ile ya kuunganisha mara nyingi huwa nafuu. Lakini jua unachonunua. Nairobi hadi Amsterdam ni takriban kilomita 6,680, na Amsterdam hadi New York ni kama 5,860. Jumla ni kama 12,540. Yaani kupitia Amsterdam unaongeza kilomita 700 pekee, kwa sababu Ulaya haiko mbali na ule uzi wetu wa kwenye mpira. Doha ni hadithi tofauti. Nairobi hadi Doha ni kilomita 3,350 hivi, halafu Doha hadi New York ni karibu 10,770. Jumla inakaribia 14,120. Umeongeza kilomita 2,280 kwa sababu ulianza safari ya magharibi kwa kwenda kaskazini mashariki. Ni kama mtu wa Ruiru anayetaka kufika Nairobi aanze kwa kupanda matatu ya Thika. Hakatazwi, na pengine nauli ni nzuri, lakini ajue.

Na kilomita hizo si chochote ukilinganisha na kusubiri. Saa sita kwenye kiti cha chuma bila hela ya kununua maji hukumaliza kuliko saa sita angani. Kwa upande mwingine, kusubiri kufupi mno ni hatari zaidi. Ukiona tiketi inayokupa saa moja ya kubadilisha ndege, jiulize: ndege ya kwanza ikichelewa nusu saa, nitakimbia kwa miguu gani kwenye uwanja ambao sijawahi kuuona? Mimi nikiombwa ushauri husema saa mbili na nusu hadi nne. Si sheria, ni uzoefu wa watu niliowangoja wakipiga simu za machozi.

Kitu kingine ambacho kimewauma wengi: tiketi mbili tofauti zilizoshonwa pamoja ili ziwe rahisi. Ukiwa na tiketi moja, ukikosa ndege ya pili kwa sababu ya kwanza imechelewa, hiyo ni kazi ya shirika kukutafutia nyingine. Ukiwa na mbili, kazi ni yako. Mara nyingi pia utalazimika kuchukua mzigo wako na kuupeleka upya kaunta, maana yake uingie nchi ile, maana yake visa. Hata kwa tiketi moja, angalia isikupitishe viwanja viwili vya nchi za Schengen, tuseme Paris kisha Frankfurt. Ukitoka kimoja kwenda kingine unahesabiwa umeingia Ulaya. Na ukifika Marekani, hata kama unaendelea mji mwingine, unachukua begi lako kwenye uwanja wa kwanza unaotua, unapita forodha, kisha unalirudisha. Usiliache likizunguka kwenye ule mkanda ukidhani litakufuata lenyewe.

Wapo wasioenda Amerika. Kwa kweli, watu wengi ninaowajua mimi waliotoka Ruiru, Juja na Thika miaka hii walienda Ghuba. Hapo umbali hucheza mchezo mwingine. Nairobi hadi Doha ni zaidi kidogo ya saa tano angani, na saa zetu na zao ni sawa kabisa. Riyadh na Jeddah vilevile. Dubai wako mbele kwa saa moja tu. Treni ya haraka ya SGR kutoka Nairobi hadi Mombasa nayo huchukua kama saa tano, na ukienda kwa basi ni zaidi. Kwa hivyo yule jirani yetu, akiwa kazini Doha, kwa saa za safari alikuwa karibu na mamake kama aliye Mombasa. Mbona basi hakurudi kwa miaka miwili? Kwa sababu likizo ilikuwa ya mwajiri, na nauli ilikuwa ya mkataba. Hilo huwezi kulipata kwenye programu ya kupima umbali. Kabla hujasaini, usiulize tu "ni saa ngapi kufika?" Uliza ni nani atalipa tiketi ya kurudi, baada ya muda gani, na pasipoti itakaa mkononi mwa nani. Saa tano zinaweza kuwa ndefu kuliko 15.

Wakati huo wote, maua ya waridi ya huku Thika yanakupita. Yanakatwa, yanawekwa kwenye baridi, yanapelekwa JKIA, na baada ya siku chache yako kwenye mnada Uholanzi. Hayaulizwi visa.

Turudi barabarani, kwa sababu safari hupotelea hapa hapa nyumbani. Kutoka Thika hadi JKIA kwa kupitia Eastern Bypass ni kama kilomita 50. Unashuka Thika Road hadi Ruiru, unaingia bypass, unapita Kamakis, unakata Barabara ya Kangundo, Utawala, hadi Embakasi. Usiku wa manane ni dakika 50. Jioni ya Ijumaa, wakati nusu ya Nairobi imekuja Kamakis kula nyama, nisikudanganye kwa kukupa dakika.

Tuchukue ile ndege ya 23:25. Safari za kimataifa unahitajika uwe uwanjani saa tatu kabla, kwa hivyo saa mbili na nusu usiku uwe umeshafika. Kaunta kwa kawaida hufungwa saa moja kabla ya kuruka, na ikifungwa imefungwa, hata kama ndege unaiona kwa dirisha. Pale lango la JKIA kuna ukaguzi, na mkiwa watu kumi na wanne huo ukaguzi hauishi. Mimi ningetoka Thika kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni. Utafika mapema na utaboeka. Boeka tu.

Halafu kuna safari ya kurudi, ile isiyopangwa.

Binamu yangu anaishi Lowell, jimbo la Massachusetts, mji wenye Wakenya wengi kiasi kwamba hukosi mtu wa kukusalimia kwa Kikuyu dukani. Lowell na Boston ni kama Thika na Nairobi, hata umbali unakaribiana. Mwaka juzi, Jumanne moja saa nne asubuhi ya huku, mamake alianguka jikoni nyumbani Thika, akakimbizwa hospitali, na madaktari wakasema atapasuliwa siku hiyo hiyo. Tulimpigia binamu. Kwake ilikuwa saa tisa usiku. Alipokea kabla simu haijalia mara ya pili, kwa sababu kila aliye mbali anajua simu ya saa tisa usiku huwa ya nini.

Boston haina ndege ya moja kwa moja kuja Nairobi. Alikaa kwenye kitanda na simu, akitafuta. Kulikuwa na tiketi ya bei nzuri ya kufika Ijumaa, yenye kusubiri saa kumi na tano mahali fulani. Kulikuwa na nyingine, karibu mara mbili ya bei, kupitia Amsterdam, ya kufika Jumatano jioni. Aliniuliza, "Nifanye nini?" Nilitaka kumwambia ahifadhi pesa, hospitali itazihitaji. Nilikuwa na hoja nzuri kabisa. Sikuitoa. Alinunua ya Jumatano na sijui angalia kadi ya benki kwa siku ngapi baadaye.

Aliruka Boston jioni yake. Kwetu ilikuwa imeshapita sita usiku, usiku wa kuamkia Jumatano. Alipokuwa juu ya Atlantiki simu yake imezimwa, daktari alitoka akatuambia upasuaji umeisha, mgonjwa bado hajaamka. Tulimtumia ujumbe. Ulibaki na tiki moja kwa saa kadhaa, na niliitazama ile tiki moja kama mtu anayetazama sufuria. Zikaja mbili alipotua Amsterdam. Alijibu neno moja: "Sawa." Kisha saa nane nyingine za kimya, kilomita 6,680, Sahara yote.

Nilimchukua JKIA. Hakuwa na begi ila la mgongoni. Kwenye bypass hatukuongea sana, alikuwa akiuliza tu kila baada ya dakika kumi, "Hapa ni wapi?" Tuliingia hospitali ya Thika karibu saa tano usiku. Tangu simu ile ya kwanza zilikuwa zimepita saa 37. Mlinzi alituambia muda wa kuona wagonjwa umeisha, binamu akamwonyesha ile karatasi ya kupandia ndege iliyokunjwa mfukoni, na mlinzi akaisoma yote, taratibu, akafungua.

Mamake alikuwa macho. Alimwangalia kwa muda, kama mtu anayehakikisha.

"Umetoka saa ngapi?"

Binamu akafungua mdomo kujibu, akatazama saa ya ukutani, akatazama ya mkononi ambayo bado ilikuwa ya Boston.

"Jana, mami. Ama ni leo. Sijui."

"Na umekula?"